Usifomati Kwanza: Kwa Nini Folda ya Video Huangusha Kompyuta

Tatizo lenyewe linaelezeka kwa maneno machache. Folda ya nyaraka inafunguka, ya nyimbo inafunguka, ya picha inafunguka. Ukigusa folda ya video, dirisha linaganda, linafifia, kisha linatoweka na kukurudisha ulikotoka. Kwenye simu ni hivyo hivyo: programu ya faili inafunguka vizuri, lakini ukiingia penye video inajitoa yenyewe. Mteja akifikisha kifaa kwa fundi, mara nyingi jibu huwa tayari kabla hata flashi haijachomekwa: hii ina virusi, tuifomati.

Jibu hilo kwa kawaida si sahihi. Virusi vipo, lakini havihitajiki ili folda ya video iangushe programu, na kufomati huondoa ushahidi pamoja na mali. Kwa mtu wa mjini ambaye video zake zote zina nakala mahali pengine, hasara yake ni usumbufu wa siku moja. Kwa watu wa Chinongwe, kata ya wilaya ya Ruangwa, na kwa jirani zao wa Nachingwea, hesabu ni nyingine kabisa.

Huko video haikai kwenye intaneti. Inasafiri mfukoni, ndani ya memori kadi na flashi, kutoka simu hadi simu, kutoka kwa mpiga video wa mjini hadi kwa mama aliyeozesha binti. Msimu wa ufuta ukishapita na fedha za mnada zikaingia mikononi, sherehe hufuatana, na sherehe siku hizi hazipiti bila kamera. Bando ni ghali kwa faili ya GB 3, na njia zenyewe za mawasiliano hazijawa za kutegemea. Mei 2024 peke yake Kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya kusini na mafuriko yake yakaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, hitilafu ya nyaya za baharini za EASSy na Seacom ikaangusha intaneti nchi nzima. Flashi haikutikisika. Ndiyo maana watu wanaiamini, na ndiyo maana kilichomo ndani yake mara nyingi hakipo popote pengine duniani: mwali akitolewa nje, babu akisimulia kwa Kimwera jinsi matrekta ya mpango wa karanga wa Waingereza yalivyoingia Nachingwea, au bibi anayeikumbuka kambi ya wapiganaji wa Frelimo. Mtu akifomati kadi hiyo kwa sababu dirisha limejitoa, amefuta kitu ambacho aliyekisimulia huenda ameshazikwa.

Kwa hiyo swali linastahili kuulizwa kwa utulivu: ni nini hasa kinachoanguka?

Watu wengi hudhani programu ya kusimamia faili hufanya kazi ya kuonyesha majina tu. Zamani ilikuwa hivyo. Leo hii, mara tu folda inapofunguliwa, programu hiyo hujaribu kukupa kijipicha cha kila video, urefu wake na ukubwa wa picha yake. Ili kuyapata hayo lazima iingie ndani ya kila faili, isome muundo wake, itafute fremu moja, iifumbue na kuichora upya ikiwa ndogo. Anayeijua kazi ya ghala la chama cha msingi ataelewa upesi: programu haihesabu magunia tu, inachoma kila gunia kwa bambo ili kuona kilichomo. Gunia moja likiwa na kitu cha ajabu, bambo linanasa, na foleni nzima inasimama hata kama magunia mengine yote ni safi.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa suala zima. Folda inafunguka kwa mafanikio. Kinachoshindwa ni usomaji wa faili mojawapo iliyomo. Faili moja mbovu kati ya mia mbili inatosha kuzifanya zote mia mbili zionekane zimekufa.

Watengenezaji wakubwa wa programu wamelijua hili kwa muda mrefu, na wamejifunza kwa maumivu. Microsoft, kuanzia Windows Vista, iliitoa kazi ya kuchora vijipicha nje ya programu kuu na kuipa mchakato wake wa pembeni uitwao dllhost, ili ukianguka uanguke peke yake. Android ilizinduka Julai 2015, pale mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alipotangaza udhaifu uliopewa jina la Stagefright: video iliyotengenezwa kwa nia mbaya iliweza kuivamia simu kwa kusomwa tu, kabla mwenye simu hajaicheza. Simu zilizokadiriwa kuwa hatarini zilifika milioni 950. Mwaka uliofuata, toleo la Android 7 likaigawa kazi ya kusoma video katika michakato kadhaa yenye mamlaka madogo. Kwa upande wa Linux, Chris Evans alionyesha mwishoni mwa 2016 kwamba kosa ndani ya maktaba ya GStreamer lilitosha kuiteka kompyuta kupitia faili la video, na mwaka 2017 mazingira ya GNOME yakaanza kufungia uchoraji wa vijipicha ndani ya chumba kilichotengwa.

Basi kama programu inaanguka leo licha ya kuta hizo zote, ama mfumo ni wa zamani, ama kuna kitu cha pembeni kilichopandikizwa ndani ya programu kuu, ama kumbukumbu ya kifaa imeisha, ama hifadhi yenyewe inakufa. Sababu hizi nne zina dalili tofauti, na fundi makini anaweza kuzitenganisha kabla hajagusa kitufe chochote cha kufuta.

Dalili ya kwanza ya kutazama ni namna ya kuanguka kwenyewe. Dirisha likitoweka ghafla, ndani ya sekunde moja au mbili, mshukiwa ni msimbo unaosoma video. Likiganda kwa muda mrefu huku taa ya flashi ikiwaka au diski ikitoa mlio wa kurudiarudia, mshukiwa ni hifadhi: kompyuta inaomba sehemu fulani ya diski isomeke, haisomeki, inaomba tena. Windows kwa kawaida huipa diski hadi sekunde 60 kujibu ombi moja kabla ya kukata tamaa, na maombi yako mengi, kwa hiyo dakika tano za kuganda si ajabu. Na simu ikianza vizuri, ikaonyesha vijipicha kumi au ishirini, ikapata joto, kisha programu ikajitoa, hapo kumbukumbu imejaa.

Hili la kumbukumbu lina hesabu yake. Picha moja ya video ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160. Ikishafumbuliwa inachukua takriban MB 12, na ikigeuzwa kuwa rangi za skrini inafika MB 33. Kodeki (msimbo wa kufinya na kufumbua video) ya H.264 inaruhusu kushikilia hadi fremu 16 za rejea kwa wakati mmoja. Simu yenye RAM ya GB 1 au 2, ambayo nusu yake imeshaliwa na mfumo, ikitakiwa kufumbua video tatu au nne za namna hiyo kwa mpigo, mfumo utaiua programu ili simu yenyewe isizime. Hapo hakuna faili bovu wala virusi. Dawa ni kuzigawa video katika folda ndogo ndogo, au kuchagua mwonekano wa orodha badala ya vijipicha, au kutumia programu nyepesi zaidi ya faili.

Kwenye kompyuta, suala la kodeki ndilo lililo pana kuliko yote, na linahitaji kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ya historia ya video zetu wenyewe. Ingia kwenye kibanda chochote cha kuingiza muvi na nyimbo na utazame folda yake kuu. Ndani yake mmelundikana miaka ishirini ya teknolojia. Kuna faili za DAT zilizonakiliwa kutoka VCD za enzi zile, kuna VOB za DVD, kuna AVI za DivX, kuna 3GP za simu za vitufe, kuna MKV na MP4 za juzi. Muvi zilizotafsiriwa na watu kama Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, zilipita kwenye mikono mingi: kanda ikawa VCD, VCD ikawa AVI, AVI ikawa MP4 ya kuangalia kwenye simu, na kila aliyegeuza alitumia programu yake na mipangilio yake. Faili nyingi za namna hiyo zina kichwa kinachosema jambo moja na kiwiliwili kinachosema lingine. Mchezaji mzuri wa video huvumilia kasoro hiyo. Kichora vijipicha mara nyingi hakivumilii.

Ili kompyuta zao zimudu mchanganyiko huo, wenye vibanda walizoea kupakia vifurushi vya kodeki, kimoja juu ya kingine. Kila kifurushi hujisajili kwa Windows kikisema: video ya aina hii nitaisoma mimi. Vikiwa viwili au vitatu, vinagombana. Baadhi ya nyongeza hizi huingia moja kwa moja ndani ya programu kuu ya faili, na zinapoanguka huanguka nayo, kuta za Microsoft zisisaidie kitu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote kwenye kompyuta za mtumba zenye Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Januari 2020 lakini bado utaukuta ukifanya kazi.

Kisha kuna H.265, kodeki iliyoidhinishwa mwaka 2013. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone zenye uwezo huo hurekodi kwa kodeki hii bila kumuuliza mwenye simu. Ndugu akija likizo kutoka Dar es Salaam au Muscat, akarekodi harusi kwa iPhone na kuwaachia video kwenye flashi, kompyuta ya zamani haina la kufanya nazo, kwa sababu Windows 7 haikuletwa na uwezo huo na Windows 10 huhitaji nyongeza yake. Video hiyo hiyo ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hufinywa na kugeuzwa, ndiyo maana inafunguka kila mahali. Ikitumwa kama hati inabaki vilevile ilivyokuwa. Mtu husema ile ya WhatsApp ni nzima na ile ya flashi imeoza. Kumbe zote mbili ni nzima, ila kompyuta inaweza kuisoma moja tu.

Jaribio la kuthibitisha ni jepesi na halina gharama. Fungua programu ya VLC kwanza, kisha uiburutie video inayoshukiwa au uifungue kutoka ndani yake. VLC hubeba kodeki zake yenyewe na haitegemei zile za mfumo. Video ikicheza vizuri humo huku programu ya faili ikianguka, faili ni zima na kosa liko kwenye kodeki au nyongeza za kompyuta. Ondoa vifurushi vyote vya kodeki, washa upya, jaribu tena. Windows pia huandika kumbukumbu ya kila mwanguko kwenye Event Viewer, na ndani yake hutaja jina la kijenzi kilichoangusha. Jina hilo likiwa la kifurushi ulichopakia mwenyewe, umempata mhalifu. Kuna pia programu ndogo ya bure ya NirSoft, ShellExView, inayoorodhesha nyongeza zote zilizojipachika na kukuruhusu kuzizima moja moja. Wakati uchunguzi unaendelea, nenda kwenye mipangilio ya folda na uweke tiki pale panapotaka ikoni zionyeshwe daima badala ya vijipicha. Mara nyingi folda itafunguka papo hapo, na mteja atashangaa kuona video zake zote ziko palepale.

Isipofunguka hata hivyo, kuna njia ya kuzikwepa kodeki na nyongeza zote: dirisha la amri. Amri ya dir huorodhesha majina bila kuchungulia ndani ya faili. Ukiandika ren *.mp4 *.bak, kila video ya MP4 inapoteza utambulisho wake, na Windows haitahangaika kuichorea kijipicha. Folda itafunguka kama ya nyaraka. Kisha unarudisha nusu ya majina. Ikianguka, faili bovu limo katika nusu hiyo. Isipoanguka, limo katika nusu nyingine. Kwa video 200 utalipata kwa majaribio yasiyozidi manane. Kwenye Linux mantiki ni hiyo hiyo: zima vijipicha kwenye mapendeleo ya Nautilus, Nemo au Thunar, futa yaliyomo kwenye .cache/thumbnails, kisha gawanya folda. Kwenye simu, anza na Mipangilio, ingia kwenye programu ya faili na uguse Futa akiba, ambayo haigusi video zako. Ikishindikana, ichomeke kadi kwenye kompyuta na ufanye kazi huko.

Hayo yote yanadhani kwamba hifadhi ni nzima. Isipokuwa nzima, utaratibu unageuka, na hapa ndipo ninapowasihi mafundi wawe na subira kuliko mahali pengine popote. Diski inayokwama kusoma hunyooshwa kwa chkdsk na watu wengi, na hilo ni kosa. Chkdsk ikiagizwa kurekebisha huandika kwenye diski. Diski inayokufa haipaswi kuandikwa kitu mpaka kilichomo kimenakiliwa. Nakili kwanza unachoweza, ukianza na vile visivyo na mbadala, na kwa diski mbaya sana tumia ddrescue ya GNU, inayochukua kwanza sehemu rahisi na kurudia ngumu baadaye. Ukarabati huja baada ya nakala kuwa salama.

Na kuna flashi za bandia, ambazo masoko yetu yamejaa. Kidhibiti cha flashi ya GB 8 huandikwa upya kiseme kina GB 64. Utanakili video, majina yataonekana, ukubwa utaonekana, kila kitu kitaonekana kimekaa. Lakini zilizovuka uwezo halisi zimetupwa au zimeandikwa juu ya nyingine. Ukifungua folda, programu inakutana na faili za GB 2 zenye sifuri tupu au vipande vya video nyingine, na inaanguka. Nyimbo hazionyeshi tatizo hili mapema kwa kuwa ni ndogo. Video ndizo zinazoufikia ukingo. Programu ya bure ya H2testw, au F3 kwa watumiaji wa Linux, huijaza flashi na kuisoma tena ili kujua ukweli wake. Ipimwe ikiwa mpya na tupu, siku ya kuinunua, kabla haijabeba harusi ya mtu.

Lililobaki ni faili ambalo kweli limevunjika. Video ya MP4 ina sehemu mbili kubwa: mdat, yenye picha na sauti zenyewe, na moov, jedwali linaloeleza kila fremu iko wapi. Vifaa vingi huandika jedwali hilo mwishoni kabisa, mtu anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikiisha kabla ya hapo, kadi ikichomolewa, au umeme ukikatika wakati wa kunakili, unabaki na saa nzima ya picha zisizo na jedwali. Faili lina uzito wake kamili, lakini hakuna kinacholicheza, na vichora vijipicha dhaifu hufia hapo. Hili ndilo faili ambalo watu hulifuta kwa haraka kuliko yote, na ndilo linaloumiza kulipoteza, kwa sababu picha zimo.

Programu ya bure iitwayo untrunc inaweza kulijenga upya jedwali hilo. Inahitaji kitu kimoja: video nyingine nzima iliyorekodiwa na kifaa kilekile kwa mipangilio ileile, ili ijifunze muundo wake. Kwa hiyo mteja asiulizwe tu kuhusu video iliyoharibika. Aulizwe pia kama simu au kamera iliyorekodi bado ipo. Kama kadi imeshafomatiwa, bado kuna PhotoRec ya Christophe Grenier, lakini matumaini hupungua. Kufomati kwa haraka huondoa orodha na kuacha data. Kufomati kikamilifu kwenye Windows, tangu Vista, huandika sifuri juu ya kila kitu. Hata pale data ilipobaki, video ndefu mara nyingi imetawanyika vipande vipande kwenye kadi, na bila orodha hakuna anayejua kipande kipi kinafuata kipi.

Upande wa wapiga video kuna uamuzi unaofanywa kabla ya sherehe kuanza. Kamera nyingi za video huruhusu kuchagua kati ya MP4 na AVCHD, ile yenye faili za MTS. MTS ni mkondo unaojieleza wenyewe njia nzima, hauna jedwali moja la mwisho, na ukikatwa katikati kinachopotea ni sekunde za mwisho tu. Wanaorekodi kwa kompyuta kupitia OBS wana chaguo kama hilo katika MKV, ambayo huhimili kukatizwa na hugeuzwa kuwa MP4 baadaye bila kupoteza ubora. Mpiga video anayekwenda kurekodi unyago kijijini, akitegemea betri mbili na jenereta ya kuazima, achague MTS, na awape wenye sherehe nakala ya MP4 baada ya kurudi mjini.